Pazia la vizibo 4,000: kufundisha darasa kutengeneza kazi moja ya sanaa ya kusimika

Sanaa ya kusimika haitundikwi ukutani itazamwe kwa dakika mbili na kuachwa. Inasimikwa mahali, mtu anaizunguka, anapita kando yake, anaisikia ikigongana upepo ukipiga. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kuitengeneza kwa muhula mmoja, kwa vizibo vya soda na kilo 3 za waya.

Ufundi wenyewe si mgumu. Kinachowashinda walimu ni kwamba muhula unaisha na kazi 40 ndogo zilizobandikwa pamoja, kila mtoto akinyoosha kidole: "Yangu ni ile pale." Hiyo ni maonyesho ya watu 40. Kazi ya pamoja ni ile ambayo mwanafunzi hawezi kuonyesha sehemu yake, kwa sababu alichoanza yeye kilimaliziwa na mwingine. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya hilo.

Mfano tunaoutumia ni pazia la upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2, linaloning'inia katikati ya ukumbi wa shule Nairobi, kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9. Ukiwa na darasa la watoto 30 au 60, badilisha vipimo, ila mzunguko wa makundi usiuguse.

Tafuteni sheria, msitafute mchoro

Ukiuliza darasa "tuchore nini?", utapata mti, mikono iliyoshikana, na ramani ya Kenya. Kisha wale watatu wanaojua kuchora watachora na wengine 37 watapaka rangi. Usiulize hivyo. Uliza: ni jambo gani linalotokea nyumbani kwa kila mmoja wetu, ambalo linaweza kuhesabiwa kila siku?

Nairobi jibu moja haliko mbali: maji. Mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa ratiba ya mgao, na sehemu kubwa ya maji hayo inatoka bwawa la Ndakaini, mbali na jiji. Kuna nyumba ambayo mfereji haukauki, kuna nyumba inayoamka saa tisa usiku kujaza mapipa siku ya zamu, na kuna ploti inayonunua mitungi kila jioni. Sheria inakuwa hivi:

Kizibo kimoja ni siku moja katika nyumba moja. Maji yakifika mferejini, kizibo kinaonyesha uso, yaani upande wenye rangi. Yasipofika, kinageuza mgongo, ule upande wa ndani wa rangi ya fedha. Kama hatujui, kinawekwa kizibo chenye kutu.

Kila mwanafunzi anafuatilia nyumba mbili, yake na ya jirani au ndugu aliyekubali, kwa siku 50. Nyumba 80 mara siku 50 ni vizibo 4,000. Pazia lina safu wima 80 na mistari 50 kutoka juu kwenda chini, nalo linakua kadiri siku zinavyopita. Hakuna anayejua litakuwa na sura gani mpaka siku ya hamsini, hata mwalimu. Hiyo ndiyo faida ya sheria: mtoto asiyejua kuchora ana neno sawa na bingwa wa darasa.

Tahadhari moja kuhusu sheria hii. Usiandike majina ya nyumba. Piga kura ya namba 1 hadi 80, kila mwanafunzi ajue namba zake mbili na mwalimu asiziulize. Vinginevyo mtoto wa nyumba yenye kisima na mtoto wa nyumba inayonunua maji watakuwa wamewekwa uchi mbele ya wenzao, na kuanzia wiki ya pili utaletewa rekodi za uongo.

Darasa likitaka sheria nyingine (stima iliyopotea, nauli ya matatu iliyopanda na kushuka, aliyepika jana nyumbani) ni sawa, mradi ina majibu mawili au matatu tu. Majibu matano yanahitaji rangi tano, na kwa umbali wa mita 6 rangi tano zinakuwa uji.

Picha za wasanii wengine zioneshwe baada ya sheria kupitishwa. Ukizionyesha mapema, darasa litaiga. Wa kwanza ni El Anatsui, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944 aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, na ambaye mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kali kwa waya wa shaba, pamoja na wasaidizi wengi, na huwaachia wanaopokea kazi waamue itaning'inia na kukunjika vipi. Wa pili ni Ibrahim Mahama, pia wa Ghana, anayefunika majengo mazima kwa magunia yaliyokwisha kubeba kakao na makaa. Waulize wanafunzi swali moja tu: kwa nini gunia lililotumika, lisiwe jipya? Kisha rudini kwenye kizibo. Chupa ya soda inarudi kiwandani, kizibo kinabaki kikizama kwenye udongo mbele ya kioski. Watu wa bodaboda wanachezea drafti, huyu vyake vinaangalia juu, yule vyake vinaangalia chini. Mtoto ameshaona kizibo kikiwa na maana mbili kulingana na upande ulio juu, hivyo sheria yenu haitamshangaza.

Muhula na ukumbi

Fanya muhula wa kwanza au wa pili. Wa tatu ni mfupi na mitihani ya kitaifa inakula ukumbi. Siku 50 za rekodi ni wiki 7 na siku moja. Ongeza wiki 3 za mwanzo za kukusanya na wiki moja ya kuning'iniza.

Kabla ya kizibo cha kwanza kupondwa, nenda ukumbini na futi ya kupimia. Unatafuta mambo manne. Kuna boriti au trasi ya chuma inayoweza kufikiwa na ngazi? Kuna nafasi ya mita moja na nusu mbele na nyuma ya pazia, watu wapite? Dirisha liko upande gani asubuhi? Na nani mwingine anautumia ukumbi: kwaya, mtihani, kanisa la Jumapili? Pata ruhusa ya maandishi yenye tarehe, maana pazia likishapanda na wenye kanisa wakaja na pazia lao, ni lako litakaloshushwa, tena vibaya.

Hesabu ya uzito ifanyeni darasani, ni somo zuri la hisabati. Kizibo kimoja kina kama gramu 2.2. Vizibo 4,000 ni kilo 8.8. Waya, kama tutakavyoona, ni kilo 2.4. Mbao ya kuning'inizia pazia, ya inchi mbili kwa mbili na urefu wa mita 3.4, ni kama kilo 4. Jumla ni kilo 15 na ushei. Jaribu boriti kwa uzito mara tatu: mitungi miwili ya lita 20 na mmoja wa lita 5, yote imejaa maji, inakupa kilo 45. Ifunge kwenye boriti kwa kamba zile zile utakazotumia, iache usiku kucha, na asubuhi fundi atazame kama boriti imepinda, skrubu zimelegea au fundo limeteleza. Kama dari ni ya ubao mwembamba au plasta na hakuna boriti nyuma yake, usijaribu chochote. Mwite mchomeleaji wa jua kali akutengenezee fremu ya kusimama chini.

Kukusanya na kuosha

Mnahitaji 4,800, kwa sababu kimoja katika kila sita kitapasuka, kitatobolewa vibaya au kitapotea. Hiyo ni 120 kwa kila mwanafunzi kwa wiki tatu.

Njia inayofanya kazi ni kuwapa wenye vioski na hoteli mkebe wa rangi wa lita 4 uliooshwa, ukiwa na jina la shule, na kuuchukua kila Ijumaa. Hafla moja ya harusi siku ya Jumamosi inaweza kutoa mamia. Usimtume mtoto baa wala jaani. Vizibo vya bia vitakuja hata hivyo kupitia kwa wazazi. Amueni mapema kama mnavikubali, na mwandikie mzazi barua, kwa maana malalamiko yatakuja baada ya mtu kuona nembo ya bia shuleni, nawe utakuwa umeshatoboa elfu moja. Vikikubaliwa, vitumieni kwa siku za mgongo pekee.

Msihesabu kimoja kimoja. Pimeni 100 kwa mizani ya dukani, mwandike gramu zake, na kuanzia hapo pimeni kwa kilo. 4,800 ni kama kilo 10 na nusu.

Vizibo huja na sukari, mchanga na sisimizi. Loweka nusu saa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza mara mbili, anika juu ya gunia juani siku hiyo hiyo. Wanaoosha Ijumaa jioni na kufunga vizibo vikiwa na maji kwenye mfuko hukuta Jumatatu ukingo wote una kutu. Mkijua hilo, tengenezeni kutu kwa makusudi: vizibo 200 ndani ya gunia lenye unyevu na chumvi kidogo kwa wiki moja vitatosha siku za "hatujui".

Chagueni rangi mbili zilizo nyingi zaidi kwa upande wa uso, basi. Nyingine zote zitageuzwa mgongo, rangi zao hazitaonekana upande wa mbele. Na msipake rangi yoyote: rangi ya kopo hubanduka waya ukiisugua.

Kuponda na kutoboa

Vifaa kwa makundi manane ya watu watano: nyundo 8, koleo 8 (plaisi, kama mafundi wanavyoziita), magogo 8 ya mti mgumu, vipande 4 vya reli au mawe bapa, misumari ya inchi 2 kilo moja, miwani ya kukinga macho 16, glavu za kitambaa jozi 16, na plasta za kutosha. Nyundo na koleo nyingi zitaazimwa nyumbani. Magogo mwombe seremala. Makundi manne yaponde na kutoboa nje huku manne yakiunga ndani, kisha yabadilishane kipindi kinachofuata. Vinginevyo utahitaji nyundo mara mbili.

Tandika gunia lililokunjwa chini ya reli. Bila hilo, kelele itavunja darasa la jirani na naibu wa mwalimu mkuu atakuwa mlangoni kabla ya dakika kumi.

Kuponda: kizibo kiwekwe kinywa juu. Pigo tatu nyepesi kuzunguka ukingo kuufungua nje, kisha mbili nzito katikati. Ukianza na pigo zito, ukingo unakunjika ndani na kubaki hivyo. Kizibo kilichopondwa vizuri kina upana wa sentimita 3 na nusu hivi. Utando wa plastiki wa ndani mara nyingi hubanduka wenyewe. Usipobanduka na kizibo ni cha mgongo, ukwangue kwa ncha ya msumari. Usiwaruhusu wauchome moto, moshi wake ni sumu.

Kutoboa ndipo kazi inapoharibikia. Kila kizibo kinahitaji matundu manne, juu, chini, kulia, kushoto, kila moja milimita 4 kutoka ukingoni. Karibu zaidi ya hapo bati linachanika. Mbali zaidi, vizibo vinapandana. Watoto hawawezi kukadiria hilo kwa jicho, na hata wewe huwezi. Juu ya gogo, zungushia kizibo mstari wa kalamu, chora msalaba unaopita katikati, na weka alama nne milimita 4 ndani ya duara. Kizibo kinakaa kwenye duara, msumari unafuata msalaba. Mchoro huo utafutika baada ya vipindi viwili, uchorwe upya.

Toboa kutoka upande utakaoonekana kwenda upande utakaojificha. Msumari unaacha meno nyuma, na meno hayo hukata vidole na kusaga waya. Geuza kizibo, piga pigo moja jepesi, yalale. Msumari uliofura kichwa au kuwa butu utupwe. Msumari butu haukati tundu, unaingiza bonde, na mtoto anaongeza nguvu mpaka nyundo inamkosa msumari na kumpata kidole.

Kuunga

Nunua waya wa geji 20, unene wa milimita 0.9. Duka la hadiwea litakupa kwanza waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, wa geji 16. Kataa. Ni mnene karibu mara mbili, unachosha mikono ya watoto, na badala ya pazia unapata wavu mgumu kama wa kuku. Ukipata mtu wa kufungua mota kuukuu anaweza kukuuzia waya wa shaba, ambao ni laini na hauna kutu, ila unene wake hubadilika kutoka mota hadi mota.

Kila kiungo kinakula sentimita 6. Pazia zima lina viungo karibu 8,000, yaani mita 480, kilo 2.4. Nunua 3. Kabla ya kipindi, watu wawili wakate waya wote wa siku hiyo kwa kuuzungusha kwenye ubao wa upana wa sentimita 3 na kukata upande mmoja tu kwa koleo. Kila mzunguko unatoa kipande kimoja kinachotosha.

1. Weka vizibo viwili mezani, uso au mgongo kama rekodi ya maji inavyosema, matundu yakitazamana, nafasi ya milimita 5 kati yake.
2. Pitisha waya kutoka mbele kwenda nyuma kwenye matundu yote mawili, ncha mbili zikutane nyuma.
3. Shika ncha zote kwa koleo, sokota mara tatu. Mara mbili hufunguka. Mara tano hukatika.
4. Laza ncha nyuma ya kizibo, isibaki iliyosimama.
5. Mkiwa na kumi kwa mstari, pimeni kwa ufito wa sentimita 40.

Huo ufito ni kitu cha bei ya bure kinachookoa kazi nzima. Kila kundi liwe na wake, na yote ikatwe kutoka mbao moja. Kundi likikaza waya, mstari wake unakuwa sentimita 38. Jingine likilegeza, 41. Tofauti hiyo haionekani mezani. Inaonekana wiki ya nane mnapolaza pazia sakafuni na kukuta upande mmoja wa pazia umepita mwingine kwa sentimita 15, na hakuna dawa isipokuwa kufungua.

Mraba mmoja ni vizibo 10 kwa 10, yaani siku 10 za nyumba 10, wenye viungo 180. Ukimaliza, unyanyue kwa pembe moja. Ulegee na kukunjika kama leso. Ukisimama kama sinia, viungo vimebanwa mno. Ukiwa na tumbo katikati, kuna kiungo kilichorukwa.

Mzunguko, ambao ndio moyo wa kazi

Muda kwanza. Kizibo kimoja, tangu kupondwa hadi kuungwa, kinachukua kama dakika 3 kwa mkono uliozoea. Kipindi ni dakika 40, ila ukiondoa kugawa vifaa na kufagia zinabaki 30. Watu watano wanaofanya mraba wa vizibo 100 wanahitaji dakika 60 kila mmoja: vipindi viwili. Kwa hiyo kila siku 10 za rekodi zinakula vipindi viwili, na pazia zima vipindi 10. Wiki ya kwanza watachelewa. Wape kipindi cha tatu kwa mzunguko huo mmoja, na usikate ubora ili kufidia.

Sasa mzunguko. Nyumba 80 zimegawanyika katika mafungu manane ya nyumba kumi kumi. Siku 10 za kwanza, kundi la 1 linaunga fungu la 1, kundi la 2 fungu la 2, na kuendelea. Siku 10 zinazofuata kila kundi linasogea fungu moja: kundi la 1 linachukua fungu la 2, na la 8 linarudi kuchukua la 1. Baada ya mizunguko mitano, kila fungu limepita kwa makundi matano tofauti, na mraba mpya unaungwa kwenye mraba wa wenzao hapo hapo mwisho wa mzunguko, si mwisho wa muhula.

Hapo ndipo mambo hutokea. Kundi linakuta mraba wa wenzao umeungwa ovyo. Watataka kuufungua wote na kuanza upya, au kuja kwako kushtaki. Weka kanuni mbili: mnaweza kufungua viungo visivyozidi kumi vya wenzenu, na lazima mwandike kwenye daftari la fungu mlichofungua na kwa nini. Daftari hilo linabaki na fungu, halitembei na kundi. Likisomwa wiki ya tano, lina mashauri ya kiufundi ambayo mwalimu hangeyatoa: "Matundu ya kushoto yako juu sana, geuzeni gogo."

Ndani ya kundi kuna kazi tano: anayeponda, wawili wanaotoboa, anayeunga, na msomaji. Msomaji anashika rekodi na kutamka, "Nyumba ya 34, siku ya 12, mgongo." Kazi zibadilishwe kila kipindi kwa orodha iliyobandikwa. Usiwaachie wachague wenyewe. Wavulana watang'ang'ania nyundo, msichana mwenye mwandiko mzuri atakuwa msomaji wa milele, na yule mtoto mkimya hatashika kitu. Kumbuka pia kwamba kutoboa ndiko kunakochelewesha. Mkiona vizibo vilivyopondwa vinarundikana, anayeponda ahamie kutoboa.

Kosa la kugeuza kizibo litatokea, uso palipopaswa mgongo. Likigunduliwa kipindi hicho hicho, lirekebishwe. Likigunduliwa baadaye ndani ya mraba uliokwisha kuungwa, darasa liamue kama linaachwa. Hatujaona umuhimu wa kuwa wakali hapa, ila uamuzi uwe mmoja kwa wote.

Kuhifadhi: pazia linalokua lizungushwe kwenye bomba la plastiki la inchi 4, lisikunjwe, mkunjo hukata waya. Lifunike kwa gunia na uandike juu kwa herufi kubwa KAZI YA DARASA, USITUPE. Kisha umwambie anayefagia ukumbi ana kwa ana. Kazi nyingi za shule za aina hii huishia jaani mikononi mwa mtu mwema aliyekuwa akisafisha tu.

Kuning'iniza

Siku hii inahitaji watu wazima wanne, akiwemo fundi. Wanafunzi hawapandi ngazi. Wanashika kamba, wanapima, wanaamuru.

Lazeni pazia chini ya boriti, uso juu. Kwenye mbao ya mbili kwa mbili pigilieni misumari 40 yenye umbo la U, mmoja kila sentimita 8, na fungeni mstari wa juu wa pazia humo kwa waya uliokunjwa mara mbili. Mkifunga pembeni na katikati tu, mstari wa juu utapinda kama kamba ya kuanikia nguo. Fungeni kamba tatu za manila za milimita 10, mita 10 kila moja: mbili sentimita 40 kutoka kila ncha, moja katikati. Zirusheni juu ya boriti. Wanafunzi wanne wanne wavute kila kamba, mmoja akihesabu, nusu mita kwa kila hesabu, huku wengine wakiinua ukingo wa chini usiburute. Anayesoma pima-maji yuko mbali, mita 5, si chini ya mbao.

Ukingo wa chini ukae sentimita 60 kutoka sakafuni: ufagio unapita, mtoto wa Gredi ya 1 anaona. Fundi afunge kamba, kisha aongeze waya wa chuma wa usalama kwenye kila ncha, ambao haubebi uzito ila unangoja kamba ikikatika. Hakuna anayesimama chini mpaka waya huo umefungwa.

Sasa zungukeni mtazame. Mbele, siku za maji zina rangi na siku kavu zina fedha. Nyuma, mambo yamegeuka: nyumba iliyokosa maji ndiyo inayong'aa rangi. Darasa liamue mtu anaingia kwa mlango upi, anakutana na upande upi kwanza. Zimeni taa saa tatu asubuhi muone jua la dirishani likipita kwenye nafasi za milimita 5 na kudondosha vidoa sakafuni. Kama viti vinafunika vidoa, sogezeni viti. Fungueni mlango, upepo upite. Vizibo hulia kama mvua inayoanza juu ya mabati. Mkiuona mlio huo ni mzuri, waachieni wageni waguse. Mkiogopa waya kukatika, wekeni kamba ya mkonge mita moja mbele, lakini mjue mmepoteza nusu ya kazi.

Bango lenye majina ya wanafunzi wote kwa alfabeti, bila cheo, na sheria yenu kwa sentensi tatu. Maelezo marefu hayasomwi.

Alama, na kushusha

Kwa kuwa hakuna sehemu ya mtu, alama za mtu mmoja mmoja zitoke kwingine: rekodi ya siku 50 ya nyumba mbili (bila kuuliza namba zake), vizibo vitano anavyotoboa na kuunga mbele yako kwa dakika 15, na aya moja inayoeleza badiliko alilofanya katika fungu la wenzake. Hizo tatu zinatosha kujua nani amefikia matarajio.

Nani mwenye pazia likishuka, hilo liamuliwe wiki ya kwanza na kuandikwa, kabla halijawa zuri. Kama linagawanywa, kateni viungo vya kati ya mafungu pekee, mpate mikanda minane ya sentimita 40 kwa mita 2, inayoweza kutundikwa madarasani. Shusheni kwa kamba zile zile, kwa hesabu ile ile, kinyume. Kisha, kabla ya kufunga ukumbi, mtu apitishe sumaku kubwa ya spika kuukuu sakafuni kote, mara mbili, na chini ya viti. Ncha ya waya ya milimita 5 haionekani kwa urahisi, na Jumatatu kuna watoto watakaokaa hapo chini miguu wazi.